Mtoto wa miaka minne kapewa siti 27E, mama yake yuko 14B: inakuwaje?

Abiria wanaingia, mabegi yanasukumwa juu, na katikati ya korido amesimama mama na mtoto mdogo, foleni imejaa nyuma yake, anamwambia mtu ambaye kashakaa, kaka samahani, naomba tubadilishane siti, mwanangu wamempanga peke yake kule nyuma. Huyo kaka siti yake ya dirishani kailipia hela yake mwenyewe. Mhudumu anakuja, watu wanageuka kuangalia, wengine wanaguna, mtoto kashaanza kulia. Ukiwauliza waliopo pale kosa ni la nani, wengine watakwambia la mama, si angelipia siti mapema, na wengine watakwambia la huyo kaka, hana huruma na mtoto.

Mimi nasema wote wawili hawana kosa. Hilo zogo limetengenezwa wiki kadhaa nyuma, pengine miezi, ndani ya kompyuta ya shirika la ndege ambayo ilishajazwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto siku tiketi inakatwa na bado ikampanga safu 13 mbali na mama yake. Nataka tulifungue hili jambo taratibu, maana ndugu zetu wengi wanasafiri na watoto kwenda Minneapolis, Toronto, London, Doha, na wengi wanaishia kulipa hela ambayo pengine hawakutakiwa kulipa, au wanafika getini ndo wanaanza kuhangaika.

Tuanze na siti yenyewe. Zamani ukikata tiketi ya ndege unakuwa umenunua safari pamoja na siti, unapangiwa kaunta siku ya safari au wakala anakuwekea mapema, habari imeisha. Mashirika ya bei rahisi ndo yalianza kuikata tiketi vipande, begi lina bei yake, chakula kina bei yake, siti ina bei yake, na mashirika makubwa yakaona mbona hii inalipa. Marekani Delta walianza kujaribu nauli ya chini kabisa isiyo na haki ya kuchagua siti mwaka 2012, American na United wakaingia nayo 2017. Unaiona bei ya tiketi iko chini unafurahi, halafu ukifika hatua ya mwisho unaoneshwa ramani ya ndege, kila siti ina bei juu yake, na chini kabisa kuna kimaandishi kidogo kwamba unaweza kuruka hatua hii utapangiwa siti yoyote.

Hela ya hapo sio ndogo. Novemba 2024 kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti, ikakuta mashirika matano, American, Delta, United, Frontier na Spirit, yamekusanya dola bilioni 12.4 kwa ajili ya siti tu kati ya 2018 na 2023. United peke yao mwaka 2023 walipata dola bilioni 1.3 za siti, ikawa mara ya kwanza siti kuwaingizia zaidi ya mabegi. Sasa ukishajua hivyo unaelewa kwa nini shirika halina haraka ya kuwaweka familia pamoja bure. Sidhani kuna mtu anakaa ofisini anapanga kuwatesa watoto, lakini kama kila mzazi angekuwa na uhakika kwamba atakaa na mwanae bila kulipa, wazazi wangapi wangelipa? Ule wasiwasi wa mzazi ndo unaouza siti.

Halafu kuna suala la zinazobaki. Mwaka 2017 kipindi cha Watchdog cha BBC kule Uingereza kiliwapandisha watu wanne wanne, makundi manne, kwenye ndege za Ryanair bila kulipia siti, na kila mmoja wao akapata siti ya katikati. Mtaalamu wa takwimu wa Oxford, Jennifer Rogers, akapiga hesabu akasema uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati tu ni 1 kati ya 540,000,000. Ryanair walikataa kwamba wanatenganisha watu makusudi, maelezo yao ni kwamba wanaolipia siti wanachukua za dirishani na za koridoni kwa hiyo asiyelipa anakutana na za katikati. Hata ukiyakubali hayo maelezo kama yalivyo, angalia maana yake kwa mzazi. Ndege ya siti tatu tatu kila upande ina siti moja tu ya katikati kila upande wa kila safu. Zikishabaki za katikati tupu hakuna siti mbili zinazogusana ndege nzima, kwa hiyo mama na mtoto hata mfumo ungetaka kuwaweka pamoja hauna pa kuwaweka, labda umhamishe mtu mwingine. Ndo maana suala la lini familia inapangiwa siti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, ukisubiri mpaka siku ya safari umeshachelewa.

Sasa kompyuta inajua nini? Inajua mengi. Unapokata tiketi ya mtoto wa miaka 2 mpaka 11, bukingi inawekewa alama ya CHLD pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na mtoto wa chini ya miaka 2 anayekaa mapajani anawekewa INFT. Hizo alama zinasafiri na bukingi mpaka kaunta, mhudumu wa kaunta anaziona, mpaka wahudumu wa ndani ya ndege wanapewa orodha ikionesha watoto wapo wangapi na wamekaa wapi. Kwa hiyo mtu akikwambia mfumo haukujua kwamba huyu ni mtoto, hapana, umejua tangu mwanzo. Linganisha na yule dada anayekatisha tiketi za basi la mkoani pale Mbezi Luis, ana karatasi na kalamu tu, ukimwambia mimi na mwanangu anaangalia anachora mbili zilizo pamoja, haimchukui hata dakika.

Lakini ukweli usemwe, zipo njia ambazo familia inatengana bila mtu yeyote kutaka, na hizi nazirefusha kidogo kwa sababu hapa ndo mzazi anaweza kufanya kitu.

Ya kwanza ni tiketi kukatwa mbali mbali. Baba kakata yake kazini, mama na watoto wamekatiwa na shangazi aliyeko Marekani kwa kadi yake, mfumo unaona bukingi mbili zenye namba mbili tofauti na haujui kwamba ni familia moja hata kama jina la ukoo linafanana. Ya pili, na hii inawakuta sana watu wetu, ni tiketi moja yenye mashirika mawili au matatu. Umenunua kwa wakala mjini, tiketi imeandikwa namba ya ndege ya shirika fulani lakini ndege inayoruka ni ya shirika jingine kabisa, siti ulizochagua huku hazifiki kule, au wakala kakwambia nimeshaomba siti na kweli kaomba, ila ombi lilikataliwa na hakuna aliyerudi kuangalia. Kila shirika lina namba yake ya bukingi kwenye mfumo wake, zile herufi na tarakimu sita, na ile uliyopewa na wakala mara nyingi haifunguki kwenye tovuti ya shirika linaloruka. Ya tatu ni ndege kubadilishwa. Mlikuwa mpande ndege yenye safu za siti tatu, nne, tatu, inaletwa yenye tatu tatu tatu, ramani nzima inavurugika, mfumo unawapanga watu upya usiku, kesho ukifungua apu unakuta mtoto kahamia nyuma. Ya nne ni kuchelewa ndege ya kuunganisha, mkishawekwa kwenye ndege inayofuata mnapewa kilichobaki.

Kuna na siti ambazo unaziona zimefungwa kwenye ramani ukadhani zina watu kumbe hazina, shirika limezishikilia kwa ajili ya wateja wake wakubwa au kwa ajili ya kaunta ya uwanjani. Zinafunguliwa saa chache kabla ya safari. Ndo sababu unaweza kukosa kabisa siti pamoja wiki nzima halafu ukafika kaunta dada akabonyeza mara mbili ukazipata.

Watu wengine wanauliza, kwani mtoto akikaa peke yake masaa kadhaa kuna shida gani, si wahudumu wapo. Shida ipo na imeandikwa na mamlaka zenyewe za anga. Mamlaka ya Uingereza, CAA, katika mwongozo wake inasema watoto wadogo wakae safu moja na mtu mzima wao, na kama haiwezekani basi wasitenganishwe zaidi ya safu moja, na sababu wanayotoa ni kwamba wakati wa kutoka kwa dharura wazazi watakimbilia kwa watoto wao na kuchelewesha kila mtu. Fikiria hiyo kitu. Ndege kubwa ya abiria ili ipewe cheti inatakiwa ithibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena nusu ya milango ikiwa haitumiki, sasa mweke mama safu ya 14 na mtoto safu ya 27, watu wote wanasukuma kwenda mlango wa mbele na mama anasukuma kurudi nyuma. Hakuna mzazi atakayetoka aache mtoto, na hakuna haki ya kumlaumu kwa hilo.

Tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines, Airbus A350, iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani wakati inatua, ikawaka moto. Ndani kulikuwa na watu 379, na kati ya abiria 8 walikuwa watoto wa chini ya miaka miwili. Wote walitoka hai, milango iliyotumika ni mitatu tu kati ya minane na vipaza sauti vya ndani vilikuwa havifanyi kazi. Kwenye ile ndege ndogo ya walinzi wa pwani watano kati ya sita walifariki. Watu walisifu sana kule kutoka salama, na waliokuwemo walistahili sifa, na kulitegemea kila mtu kufuata njia moja bila kurudi nyuma, kutafuta begi au kutafuta mtu.

Oksijeni nayo. Kila mtu ameshasikia lile tangazo, vaa yako kwanza ndo umsaidie mtoto. Ndege ikipoteza hewa ikiwa futi 35,000, mtu mzima ana sekunde kati ya 30 na 60 za akili timamu kabla hajaanza kuchanganyikiwa. Hilo tangazo lenyewe limejengwa juu ya imani kwamba mtoto yuko pembeni yako unaweza kumfikia kwa mkono. Kama yuko safu 13 nyuma, amekaa kati ya watu wawili wasiomjua, nani anamvalisha? Pengine jirani atamvalisha, watu wengi wana moyo, lakini usalama wa mtoto haupangwi kwa kutegemea pengine.

Kuna jingine gumu kulisema ila lazima. FBI wamekuwa wakionya kuhusu udhalilishaji wa kingono ndani ya ndege, na watoto wamo kwenye waathirika. Taa zimezimwa, watu wamelala, blanketi, siti zimebanana. Mtoto wa miaka saba hata kusema hajui aseme nini na kwa nani. Sijui mzazi gani akishajua hilo atalala usingizi wakati mwanae yuko nyuma na mtu asiyemfahamu.

Wale wa mapajani nao wana hesabu yao. Juu ya kila kundi la siti kuna maski za oksijeni zaidi ya idadi ya siti, kawaida moja ya ziada, siti tatu maski nne. Kwa hiyo watoto wawili wa mapajani hawaruhusiwi kukaa kundi moja la siti, na hii ndo sababu kina mama wawili, dada na mdogo wake kila mmoja na kichanga, wanatenganishwa na mhudumu hata kama waliomba kukaa pamoja, hapo usigombane naye, ana sababu ya maana. Siti za mlango wa dharura familia haziruhusiwi kabisa. Zile za mbele penye ukuta ndo penye kitanda cha mtoto, vitanda ni vichache na vina kikomo cha uzito, mara nyingi kama kilo 10 hivi, uombe mapema.

Na mapajani penyewe pana mjadala wa miaka mingi. Julai 1989 ndege ya United namba 232 ilianguka Sioux City, Iowa, kulikuwa na watoto wanne wasio na siti zao, mmoja akafariki. Mkuu wa wahudumu wa ndege ile, Jan Brown, alitumia miaka mingi baadaye kuiomba serikali ya Marekani iamuru kila mtoto awe na siti yake na kiti chake cha kufungwa, mpaka leo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wanashauri tu hawajaamuru. Ulaya kichanga anafungwa mkanda mdogo unaoshikana na wa mzazi, Marekani FAA hawaukubali huo mkanda wakati wa kuruka na kutua. Tuyaache hayo kwa leo, ni makala nyingine.

Turudi kwenye sheria, maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa, mtu anasikia Biden alipiga marufuku hela ya siti za watoto, anaenda uwanjani anadai, anaambiwa hakuna sheria kama hiyo. Ilivyokwenda ni hivi. Mwaka 2016 bunge la Marekani, Congress, liliiagiza Wizara ya Usafirishaji iangalie suala hili na kama itaona inafaa itunge utaratibu wa kumweka mtoto wa miaka 13 kushuka chini pembeni ya ndugu yake bila malipo. Lile neno la kama itaona inafaa ndo lilikula miaka. Julai 2022 wizara ikatoa tangazo la kuyahimiza mashirika, kuhimiza tu. Februari 2023 Biden akasimama mbele ya Congress akasema mashirika hayawezi kumchukulia mtoto wako kama begi, watu wakapiga makofi. Mwezi uliofuata wizara ikaweka kwenye tovuti yake jedwali la mashirika, nani ameahidi kwa maandishi kumweka mtoto na mtu mzima bure na nani hajaahidi, na kufikia Agosti 2024 walioahidi walikuwa wanne, Alaska, American, Frontier na JetBlue. Ahadi ikiwa imeandikwa kwenye masharti ya huduma ya shirika, wizara inaweza kulibana. Lakini ina mipaka yake, wote muwe kwenye bukingi moja, daraja moja, na siti za pamoja ziwepo.

Halafu Mei 2024 ikapita sheria kubwa ya FAA, humo ndani Congress liliacha kuomba, likaiagiza wizara itunge kanuni. Agosti 2024 wizara ikatoa rasimu, na kwa maoni yangu ilikuwa nzuri kuliko zote nilizosoma. Mtoto wa miaka 13 au chini anapangiwa siti pembeni ya mtu mzima wake ndani ya saa 48 baada ya tiketi kukatwa, bila hela. Pembeni maana yake safu moja na bila korido katikati, hawakuacha mwanya wa kusema mpo karibu karibu. Kama mtu mzima mmoja ana watoto wengi haiwezekani wote wakamgusa, basi awe ng'ambo ya korido, mbele yake au nyuma yake. Na kama siti za pamoja hazipo, shirika likupe uchaguzi wa kurudishiwa hela yote au kusubiri zifunguke. Wizara ilipiga hesabu kwamba kama siti ni dola 25, familia ya watu wanne kwenda na kurudi ingeokoa mpaka dola 200. Kwa watu wanaobeba familia nzima kwenda kuona bibi, dola 200 ni hela.

Ile ni rasimu. Januari 2025 serikali ya Biden inaondoka madarakani kanuni yenyewe ilikuwa haijatoka, kwa hiyo ukisikia mtu anasema ni sheria, sheria iliyopita ni ya kuiagiza wizara itunge kanuni, kanuni ni kitu kingine. Mashirika kwa upande wao, kupitia umoja wao wa Airlines for America, wanasema hawatozi hela ya kukaa na familia na siku zote wanajitahidi kuwaweka watu pamoja. Kitaalamu wako sahihi, hakuna ada inayoitwa hivyo. Kuna ada ya kuchagua siti, na mzazi ndo mtu ambaye hana uchaguzi.

Wakanada walishamaliza hili. Tangu tarehe 15 Desemba 2019 kanuni zao za kulinda abiria zinasema mtoto wa chini ya miaka 5 anakaa pembeni kabisa ya mzazi, wa 5 mpaka 11 anakaa safu moja na mzazi akitenganishwa na siti moja tu, wa 12 na 13 asipitilize safu moja. Bila nyongeza yoyote ya hela. Na wameandika mpaka utaratibu, shirika lipange siti kabla ya cheki-in au liwaambie abiria mapema kwamba litazipanga bure wakati wa cheki-in au getini, ikishindikana wahudumu waombe watu wa kujitolea kuhama wakati wa kupanda, wasipopatikana waombe tena kabla ndege haijaruka. Inahusu ndege zote za kwenda, kutoka na za ndani ya Canada, shirika liwe la nchi yoyote, kwa hiyo ndugu yangu unayetoka Nairobi au Dar kwenda Toronto kupitia Amsterdam au Addis, ile ndege inayotua Toronto unayo hiyo haki. Ninachokipenda kwenye kanuni hii ni kwamba umri umewekwa kwa ngazi, kichanga na kijana wa miaka 13 hawalingani, na kazi ya kuomba kwa sauti mbele za watu wamepewa wahudumu, mama hasimami koridoni kujieleza.

Ulaya kuna mfano wa Ryanair ambao ni wa aina yake. Mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 analazimika kununua siti, hachagui kutonunua, halafu watoto mpaka wanne wanapewa za bure pembeni. Familia haitengani kweli, ila mzazi lazima atoe kitu. Southwest ya Marekani kwa miaka mingi hawakuwa na namba za siti, unaingia unakaa popote, na wenye watoto wa miaka 6 kushuka chini waliingizwa baada ya kundi la kwanza wakapata za pamoja bila shida, ila hilo limekwisha, tangu tarehe 27 Januari 2026 nao wana siti za kupangwa.

Sasa yule kaka wa dirishani. Watu wanamshambulia sana, na mimi hapa namtetea. Amelipa, pengine ana mguu unaouma au anaogopa ndege, hana deni kwa mtu. Akikubali kuhama ni wema wake na ashukuriwe. Ila kama ni wewe unaomba, kuna namna. Omba siti inayolingana au mpe iliyo bora, usimtoe mtu dirishani ukampeleka katikati safu ya nyuma karibu na choo. Anza na aliyekaa karibu na mtoto, mwambie mimi nina ya koridoni kule mbele, unaonaje nikae hapa na mwanangu wewe uchukue ile, watu wengi wa siti ya katikati wanakubali haraka. Na usipeleke ombi wewe mwenyewe kama mhudumu yupo, mwambie yeye.

Kabla hujafika huko lakini, kuna ya kufanya mapema. Kata tiketi zote bukingi moja, na kama haiwezekani piga simu shirika waziunganishe kwa maandishi kwenye mfumo. Hakikisha mtoto kaandikwa kama mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa iko sawa na ya pasipoti. Wakala akikupa tiketi muulize namba ya bukingi ya shirika linaloruka kila kipande cha safari, ingia kwenye tovuti ya shirika hilo hilo uangalie siti kwa macho yako, ukikuta hazipo wapigie au waandikie siku hiyo hiyo usisubiri. Rudia kuangalia siku kadhaa kabla ya safari, kwa ajili ya lile suala la ndege kubadilishwa. Cheki-in ikifunguka, wengine saa 24 kabla, wengine 48, ingia dakika hiyo hiyo. Bado mmetengana? Wahi kaunta, na ukishindwa hapo ukafika getini usiende kukaa, nenda moja kwa moja kwa dada wa getini kabla hajaanza kuita watu, kwa sababu zile siti zilizofungwa zinakuwa mikononi mwake wakati ule. Baba na mama mkiwa na watoto wawili na mmepata mbili mbili sehemu tofauti, chukueni, kila mtoto ana mzazi wake inatosha, usihangaishe ndege nzima mkae wanne safu moja.

Ndege zetu za ndani nazo zina mambo yake. Ile Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ina siti 76, mbili kila upande wa korido, kwa hiyo familia ya watu watatu lazima mmoja awe ng'ambo, hapo hakuna aliyewaonea, mpeni mtoto mdogo siti ya dirishani mzazi akae koridoni na yule mkubwa akae ng'ambo ya korido mnaonana. Zile ndege ndogo za Zanzibar na mbugani hazina hata namba, na rubani akikwambia kaa hapa ni kwa ajili ya mizani ya ndege, mwambie tu nina mtoto, wanawapanga pamoja bila neno.

Na kama mlitenganishwa na hakuna aliyesaidia, tunza bodingi pasi zote, piga picha ile ya mtoto na yako pamoja zionekane namba, andika jina la uwanja na saa, na kama ulilipia siti ambazo hamkuzikalia tunza risiti. Kwa safari ya Canada unaliandikia kwanza shirika lenyewe, lina siku 30 za kukujibu, usiporidhika unaenda kwa Canadian Transportation Agency, mamlaka yao ya usafiri. Kwa safari ya Marekani unaweza kujaza malalamiko moja kwa moja kwenye tovuti ya Wizara ya Usafirishaji, wanayapeleka kwa shirika, na shirika linatakiwa kukiri limepokea ndani ya siku 30 na kukupa jibu lenyewe ndani ya siku 60. Andika umri wa mtoto kwenye sentensi ya kwanza kabisa.